Misuko minne chini ya nywele za Elsa Lanchester

Bwana Mhariri,

Makala yenu juu ya Elsa Lanchester, yule mama wa Kiingereza aliyecheza bibi arusi wa jitu katika filamu ya "Bride of Frankenstein", tumeisoma sisi tunaofanya teatre hapa Lubumbashi: wachezaji, wasusi, mafundi wa nguo na wa taa. Gazeti lile limepita mikono mingi hapa Kamalondo hadi kurasa zikachakaa. Makosa yaliyomo nayo yametembea vilevile, ndiyo sababu tunaomba nafasi ya kuyarekebisha.

Madogo kwanza. Frankenstein si jina la jitu, ni jina la daktari aliyeliunda. Jitu halina jina, na bibi arusi wake hana. Filamu ilitoka Aprili 1935, tena ni ya nyeusi na nyeupe, kwa hiyo ile rangi ya kijani ya uso mliyoieleza hakuna mtazamaji aliyeiona ukumbini. Sasa kubwa: mmeandika kana kwamba huyu mama aliishi kwa kupiga ukelele mbele ya kamera. Kama bibi arusi anaonekana kwa dakika chache tu, chini ya tano, katika filamu ya dakika 75, na hasemi hata neno moja. Kabla ya dakika hizo alikuwa amekwisha kufanya jukwaa karibu miaka 15. Baada yake alifanya kazi miaka mingine 45. Anayetaka kuzielewa dakika zile aanzie jukwaani, si kwenye nywele.

Alizaliwa London, mtaa wa Lewisham, tarehe 28 Oktoba 1902. Wazazi wake, Edith Lanchester na James Sullivan, waliishi pamoja bila ndoa, na si kwa kukosa nafasi bali kwa kukataa. Walikuwa wasoshalisti, na Edith aliona sheria ya ndoa ya wakati ule inamfanya mwanamke kuwa mali ya mume. Mwaka 1895, alipowatangazia watu wake kwamba anahamia kwa Sullivan, baba yake na kaka zake walimleta daktari, wakamkamata kwa nguvu na kumfungia katika nyumba ya wenye wazimu. Daktari aliandika kwamba chanzo cha ugonjwa ni kusoma kupita kiasi. Marafiki wake walipiga kelele mjini, magazeti yakaandika, na baada ya siku nne akaachiliwa. Edith alipata kuwa karani wa Eleanor Marx, binti wa Karl Marx. Hapa kwetu, ambapo binti hatoki nyumbani kabla ya wajomba kukaa na mahari kuhesabiwa, habari hii inaweza kuwakasirisha wazee wengi. Lakini msomaji aikumbuke, maana tutairudia.

Kaka yake Elsa, Waldo, alikuwa fundi wa vikaragosi vya nyuzi, naye akapata jina kubwa katika kazi hiyo. Ndiye aliyechonga vikaragosi vya mchezo mfupi ambao George Bernard Shaw aliuandika mwaka 1949. Tunalitaja hili kwa kuwa mtu aliyekulia karibu na vikaragosi anajua jambo moja ambalo wachezaji wengi hawalijui: kwamba shingo ikigeuka kabla ya macho, mtazamaji anaona kitu kisicho na uhai, macho yakitangulia shingo, anaona mtu. Hatusemi kwamba Elsa alijifunza hivyo kwa Waldo. Tunasema mwangalieni shingo yake katika ile filamu.

Kabla ya vita ya 1914 alipelekwa Ufaransa, kwenye shule ya ngoma ya Isadora Duncan karibu na Paris. Hakumpenda mwalimu, na vita vilipoanza akarudi London. Hata hivyo alirudi na mwili uliofundishwa, na akiwa bado kijana mdogo alianza kuwafundisha watoto kucheza, kisha akaendesha teatre ya watoto mtaani Soho. Mwaka 1924 yeye na Harold Scott walifungua klabu ya usiku iliyoitwa Cave of Harmony. Watu walifika baada ya teatre kubwa kufungwa. Walikuta michezo mifupi ya tendo moja na nyimbo za zamani zilizokwisha kusahauliwa, ambazo Elsa aliziimba kwa uso mkavu huku maneno yake yakichekesha. Jukwaa la namna hiyo halina pa kujificha. Mtazamaji amekaa mita mbili kutoka kwako, ana glasi mkononi, na usipomshika kwa nusu dakika ya kwanza anarudi kuongea na jirani yake.

Wasomaji wa Lubumbashi wanaijua shule hii kwa jina lingine. Kundi la Mufwankolo lilicheza hivyo kwa miaka, redioni, kwenye televisheni na mbele ya watu: hakuna karatasi ya kukariri, kuna mpango tu ambao kila mmoja ameukubali, na Kiswahili cha mjini kinachotoka kinywani papo hapo. Mchezaji wa jukwaa la namna hii hujifunza kupima pumzi ya ukumbi. Elsa aliipima hiyo pumzi miaka mingi kabla ya Hollywood kumjua. Miongoni mwa waliofika Cave of Harmony alikuwamo James Whale, mtu wa teatre wakati ule, ambaye baadaye ndiye aliyeiongoza ile filamu. Hakumwokota barabarani.

Filamu alianza kama mchezo wa marafiki, mwaka 1925, katika kichekesho cha wasio na malipo alichokitunga Evelyn Waugh. Mwaka 1928 H. G. Wells alimtungia vichekesho vitatu vifupi visivyo na sauti. Jukwaani, mwaka 1927, alikutana na Charles Laughton katika mchezo uliotokana na riwaya ya Arnold Bennett, na mwaka 1929 wakaoana. (Naam, binti wa Edith aliolewa.) Mwaka 1931 alicheza binti wa Laughton katika "Payment Deferred", London kwanza kisha New York. Mwaka 1933 alikuwa Anne wa Cleves, mke wa nne, katika filamu iliyompa Laughton tuzo ya Oscar kwa nafasi ya Mfalme Henry wa 8. Halafu, badala ya kukimbilia pesa za sinema, wote wawili wakaingia Old Vic, teatre ya London, kwa msimu wa 1933 hadi 1934, chini ya mwongozaji Tyrone Guthrie. Huko Elsa alicheza Ariel katika "The Tempest" ya Shakespeare, Laughton akiwa Prospero. Ariel ni pepo wa hewa: hatembei kama binadamu, hasimami kama binadamu. Hesabuni wenyewe: msimu huo unaisha 1934, na Januari 1935 kamera za studio ya Universal zinaanza kuzunguka kwa ajili ya bibi arusi. Mwili wa pepo ulikuwa bado uko tayari.

Katika filamu hiyo alipewa nafasi mbili. Mwanzoni yeye ni Mary Shelley, mwandishi wa riwaya ya 1818, amekaa karibu na moto kwa gauni jeupe lenye kumeta, akiongea kwa upole mno. Mwishoni yeye ni kiumbe wa maabara. Whale alitaka mchezaji mmoja kwa nafasi zote mbili ili mtazamaji aone kwamba hofu ile imetoka katika kichwa cha msichana mwenye adabu. Kwenye orodha ya majina jina lake limeandikwa kwa Mary Shelley peke yake. Mbele ya bibi arusi wameweka alama ya kuuliza, kama walivyofanya kwa jitu katika filamu ya kwanza ya 1931.

Tuje sasa kwenye nywele, maana hapo ndipo makala yenu ilipoteleza zaidi na ndipo vijana wa makundi yetu wanapoharibu meshi (nywele za bandia za kusukia) na pesa. Mliandika kwamba ilikuwa kofia ya chuma yenye nywele za bandia. Sivyo. Zilikuwa nywele zake mwenyewe, na Elsa alieleza jinsi zilivyojengwa. Juu ya utosi walimsuka misuko minne midogo, imebanwa sana. Juu ya misuko hiyo wakafunga kizimba chepesi cha waya na singa za farasi, kimo chake inchi tano, yaani karibu sentimita 13. Kisha nywele zake zikachanwa kwenda juu hadi zikakifunika kizimba chote. Mwisho wakaongeza vipande viwili vya nywele nyeupe, kimoja kikianzia panja la kulia, kingine kikianzia kwenye mfupa wa shavu la kushoto, vikachanwa kwenda juu pamoja na zile nyingine. Wazo la umbo lilitoka kwa sanamu ya kichwa cha Nefertiti, malkia wa Misri ya kale. Aliyelitekeleza ni Jack Pierce, fundi wa makiyaji wa Universal, mzaliwa wa Ugiriki, yule yule aliyeutengeneza uso wa Boris Karloff, mchezaji wa jitu.

Kwa nini misuko minne na si vibanio? Msusi yeyote wa Kenya au Katuba, mitaa ya hapa Lubumbashi, atawaambia. Kibanio hushika nywele za juu tu, na kichwa kikigeuka ghafla, kitu chenye kimo hupiga mweleka. Bibi arusi anageuza kichwa kama kuku anayesikia mlango. Kizimba kilichoshikwa na vibanio kingeinama upande mara ya tatu. Msuko uliobanwa una mizizi kwenye ngozi yenyewe, na ukiwa na minne, miwili mbele na miwili nyuma, mzigo umekaa kama meza yenye miguu. Mitatu inatosha kwa kizimba kusimama, haitoshi kwa kizimba kutikiswa.

Kwa jukwaa letu, kazi inaenda hivi. Chukua waya laini wa kufungia nondo, pinda duara moja la chini linalolala ndani ya misuko yote minne, na duara la juu lililo pana kidogo kuliko la chini. Ndiyo maana umbo lile linafunguka kuelekea juu. Unganisha maduara kwa vipande sita vya waya vyenye urefu wa sentimita 13, na kila ncha ipinde kuelekea ndani, kisha izungushie plasta. Ncha moja tu iliyosahauliwa itamchoma mchezaji wakati wa ukelele, naye atashika kichwa, na watu watacheka. Singa za farasi hapa hazipatikani. Uzi wa katani uliochambuliwa au meshi za zamani zilizosokotwa ndani ya chandarua zinafanya kazi ile ile, ya kuzuia waya usionekane na kuzipa nywele za juu kitu cha kushika. Kizimba kizima kisizidi gramu 200. Kikizidi, shingo inachoka baada ya robo saa na mchezaji anaanza kutembea kama aliyebeba ndoo.

Nywele zetu zina faida ambayo Elsa hakuwa nayo: zikichanwa kavu zinasimama zenyewe. Kwa hiyo mwenye nywele za sentimita 20 hahitaji meshi nyingi, anahitaji kizimba kifupi tu. Kosa la kila siku ni kupaka mafuta kwanza. Mafuta huvuta nywele chini, na chini ya taa yanameta, kiumbe aliyetoka kaburini anaonekana ametoka saluni. Kosa la pili ni kutengeneza ule weupe kwa unga au talki. Unga huanguka mabegani kwa kila mtikisiko, na tendo la tatu linamkuta amekuwa mwokaji. Shoneni vipande vya meshi nyeupe, kama Pierce alivyofanya. Na viwe na mapindo yale madogo ya nywele zilizofumuliwa kutoka kwenye msuko, vifanane na radi; meshi iliyonyooka inafanana na mvi za bibi, na bibi haogopeshi.

Juu ya uso tutasema machache. Kovu la mshono lililozunguka taya halionekani vizuri kwenye filamu, ingawa Pierce alilishughulikia muda mrefu kwa kulijenga tabaka kwa tabaka, na Elsa hakuficha kwamba aliona kazi hiyo imezidi, maana kovu la dukani lingetosha. Alikuwa na haki nusu. Karibu na kamera tabaka ni muhimu, jukwaani hakuna anayeliona kutoka mstari wa nne. Pierce alitumia pamba na kolodioni, dawa ya majimaji inayokauka na kuivuta ngozi. Msiitumie. Inashika moto haraka, mvuke wake unalevya, na ngozi yenye jasho inachubuka nayo. Gundi ya kope za bandia na uzi mweusi wa kushonea vinatosha.

Kuhusu kijani: uso wa Karloff ulipakwa rangi ya kijani-kijivu kwa sababu filamu ya nyeusi na nyeupe huigeuza rangi hiyo kuwa weupe wa maiti. Kijani kilikuwa chombo cha kazi, hakikuwa sura. Ukikipeleka jukwaani chini ya taa za rangi unapata chura. Na kwenye ngozi nyeusi, msipake weupe uso mzima. Hugeuka majivu na kupasuka pembeni mwa mdomo mara mchezaji anapofungua kinywa. Fanyeni kinyume: wekeni kivuli cha zambarau nzito ndani ya matundu ya macho na chini ya mfupa wa shavu, midomo ipakwe rangi nzito kuliko ngozi, na mng'ao wote uondolewe kwa kitambaa kikavu. Uso usio na mng'ao ndio uso usio na damu.

Bandeji zilimtesa Elsa kuliko nywele. Alizungushiwa mwili mzima, vidole hadi shingoni, na mara amekwisha kufungwa hakuweza kushika kitu wala kwenda msalani bila kufunguliwa. Alikunywa kidogo iwezekanavyo siku nzima. Kamera husimama, na mtu anaweza kufunguliwa. Jukwaa halisimami, na joto la Oktoba hapa mjini halina huruma kwa mtu aliyefungwa mita nyingi za gazi. Shoneni bandeji juu ya fulana na suruali ya kubana, vipande vinne: kifua, mikono miwili, miguu. Kifua kifunguke mgongoni kwa ndoana. Na jambo linalosahauliwa kila mara: kabla ya kushona, mwambie mchezaji avute pumzi hadi mwisho, kisha pima kifua chake hapo. Ukipima akiwa ametulia, mbavu zake hazitapata nafasi ya kufunguka, ukelele utatoka kooni badala ya tumboni, na siku ya pili hamtakuwa na bibi arusi.

Hivyo tumefika kwenye sauti. Elsa alieleza kwamba ule mlio wa ajabu anaoutoa mwishoni, si ukelele bali ile pumzi kali, aliuchukua kwa batamaji wa bustani ya Regent's Park, London, ndege wazuri wenye tabia mbaya. Sisi hatuna batamaji, lakini nani hapa hajawahi kufukuzwa na bata dume uani? Hanyanyui sauti. Ananyosha shingo, anafungua mdomo, anatoa pumzi moja ndefu, na mtoto anakimbia. Mtazameni vizuri: mwili hausogei, shingo peke yake. Ndivyo Elsa anavyofanya. Mafundi wa sauti nao walisaidia, kwa kuwa katika sehemu chache waliigeuza milio na ukelele wake ikacheza kinyumenyume. Na bado alipiga ukelele mara nyingi sana katika kurekodi hata akapoteza sauti, asiweze kusema kwa siku kadhaa.

Kwa mchezaji wa jukwaa, atakayerudia kesho na keshokutwa, hesabu ni nyingine. Katika mazoezi ukelele kamili upigwe mara mbili tu kwa siku, mara nyingine aonyeshe kwa kinywa bila sauti. Taya lishuke kabla ya sauti kutoka. Taya likichelewa, koo linajifunga na sauti inatoka na mkwaruzo. Mkwaruzo ndiyo dalili ya kuacha. Mlio wa bata hauchoshi koo kwa sababu nyuzi za sauti zimelala, pumzi inapita tu, kwa hiyo unaweza kuutumia mara kumi bila hasara. Anayejua hivyo atapanga ukelele mmoja au miwili na kuijaza nafasi iliyobaki kwa mlio. Tena ukumbi unaogopa zaidi. Ukelele wa tatu watu wameshauzoea.

Na kwa nini anapiga ukelele? Makala yenu inasema anaogopa maabara. Rudieni kuangalia. Anafungua macho, anamwona daktari, hapigi. Anasimama, anatembea, hapigi. Jitu linakuja, linamshika mkono kwa upole, linamwita rafiki. Hapo ndipo ukelele. Wanaume watatu, daktari, mwalimu wake Pretorius na jitu, wamekubaliana juu ya ndoa yake kabla hajazaliwa, hata kengele za harusi zimepigwa katika muziki wa Franz Waxman, na yeye, aliyeishi dakika chache tu, anakataa. Hana lugha, ana koo. Tulisema habari ya mama yake tutairudia.

Juu ya mitambo ya umeme ya maabara ile tusikawie. Ilikuwa kazi ya Kenneth Strickfaden, na alikwisha kuitumia katika filamu ya 1931. Nyingine ilitunzwa hata ikaonekana tena katika kichekesho cha 1974. Hapa Lubumbashi msijaribu cheche za kweli, umeme wetu unatutisha vya kutosha bila msaada. Radi tengenezeni kwa bati tambarare la chuma, lisilo na migongo, mita moja kwa mbili, lililoning'inizwa kwa kamba mbili na kutikiswa kutoka chini. Shaba, ingawa ndiyo utajiri wa mji huu, haifai: ni laini, inakaa na mikunjo, na sauti yake inazimika. Mapigo ya moyo, ambayo Waxman aliyapa ngoma ya timpani, ngoma yoyote ya ngozi iliyolegezwa kidogo itayatoa. Mapigo yaanze polepole kabla ya taa kuwaka, na yasimame ghafla kabla hajafungua macho. Yakiendelea baada ya hapo, macho yamepotea bure.

Kuna kosa moja la filamu yenyewe ambalo litawafurahisha wanaofikiri Hollywood haikosei. Mwanzoni ilipangwa daktari na mkewe wafe maabara ilipolipuka. Baadaye mwisho ukabadilishwa, wakaokoka, wakaonekana nje wakikumbatiana. Lakini ule mlipuko ulikuwa umekwisha kupigwa picha, na maabara imekwisha kuvunjwa. Mkisimamisha picha ukuta unapoanguka, mtamwona Colin Clive, daktari mwenyewe, angali ndani.

Baada ya 1935 Elsa hakuwa malkia wa filamu za kutisha. Mwaka 1936 alirudi London kucheza Peter Pan kwenye ukumbi wa Palladium, Laughton akiwa Kapteni Hook. Walihamia Marekani, na mwaka 1950 wakachukua uraia. Sinema ilimpa nafasi ndogo ndogo za watumishi, wauguzi na wanawake wa ajabu, naye akazijaza. Aliteuliwa mara mbili kwa Oscar ya mchezaji msaidizi, kwa "Come to the Stable" ya 1949 na "Witness for the Prosecution" ya 1957, na mara zote mbili ikaenda kwa mwingine. Kwa hiyo ya pili alipata Golden Globe. Humo yeye ni muuguzi anayemkataza mgonjwa wake sigara na pombe, mgonjwa akiwa Laughton, na nafasi hiyo haikuwamo katika mchezo wa Agatha Christie. Billy Wilder, mwongozaji wa filamu, aliiongeza. Watoto wa 1964 walimwona kama yaya anayeondoka kwa hasira mwanzoni mwa "Mary Poppins".

Lakini kazi aliyoipenda usiku kwa usiku, kwa karibu miaka 10 kuanzia 1941, ilikuwa Turnabout Theatre ya Los Angeles. Mafundi wa teatre, sikilizeni hili. Ukumbi ulikuwa na majukwaa mawili, moja kila upande. Viti vilikuwa vya tramu, vile ambavyo mgongo wa kiti unasukumwa kwenda mbele au nyuma. Sehemu ya kwanza watu walitazama vikaragosi kwenye jukwaa moja. Wakati wa mapumziko kila mtu akasukuma mgongo wa kiti chake, akageuka, na sehemu ya pili ikawa ya watu kwenye jukwaa la upande wa pili. Aliyekaa mbele sasa yuko nyuma, na hakuna wa kulalamika juu ya bei. Huko Elsa aliimba nyimbo ambazo Forman Brown alimtungia moja baada ya moja, wakati studio za Hollywood ziko dakika chache tu kutoka pale. Mwaka 1961, akiwa na miaka 58, alipanda jukwaa la New York peke yake kwa onyesho zima.

Laughton alikufa Desemba 1962. Filamu za kutisha zilimrudia uzeeni: mwaka 1971 alikuwa mama mgonjwa katika "Willard", ile ya panya, na mwaka 1973 mbili nyingine ambazo hatuwashauri kuzitafuta. Filamu yake ya mwisho ni ya 1980. Mwaka 1983 alitoa kitabu juu ya maisha yake, na tarehe 26 Desemba 1986 akafa Woodland Hills, California, akiwa na miaka 84.

Limebaki jambo la picha mliyochapa. Mkiiangalia mtaona mstari mweupe mmoja tu, unaopanda kutoka katikati ya paji la uso. Huyo ni mchezaji mwingine aliyevaa nywele za duka la sherehe. Kwa Elsa mistari ni miwili na haianzii kimo kimoja: wa kulia unatoka panjani, wa kushoto unatoka chini zaidi, kwenye shavu. Tunaomba mchape ya kweli.

Wachezaji, wasusi na mafundi wa teatre,
Kamalondo, Lubumbashi